Alifariki Bila Kuacha Mtoto

Kitabu kilikuwa mezani, kati ya picha ya marehemu na birika kubwa la kahawa. Nilikitambua tangu mlangoni kwa jalada lake la kijani na maandishi ya dhahabu: Ukoo wa Brennwalder, Kutoka Bern Hadi Minnesota. Tulikuwa kwenye ukumbi wa chini wa kanisa huko Eden Prairie, tumetoka kumzika Gordon Brennwalder, na watu walikuwa wamejipanga kuchukua mikate midogo ya nyama ya nguruwe, matango ya chupa na keki za limau. Mimi sikujipanga. Nilikwenda moja kwa moja mezani, nikafunua mpaka kizazi cha tisa, nikatafuta kwa kidole kama mtu anayetafuta donda la zamani chini ya nguo. Bado ilikuwapo. “Paul Brennwalder. Alifariki bila kuacha mtoto.” Mtoto wa Paul alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshika sahani ya karatasi, akimsaidia mzee mmoja kuchagua mkate usio na haradali.

Mama mmoja mwenye mvi alinigusa bega. “Wewe si ndiye Nikki? Jina lako limo humu mwanzoni kabisa, kwenye shukrani. Ulitufanyia kazi kubwa sana.” Nikamwambia kwamba mimi siitwi Nikki, naitwa Nakijwa, na kwamba ukurasa ule niliokuwa nauangalia sikuuandika mimi. Akanitazama kwa upole, akatafakari, akasema, “Basi jaribu keki ya limau, ni nzuri kweli.” Hivyo ndivyo walivyo watu wa Minnesota. Nimeishi nao zaidi ya nusu ya umri wangu, nimekesha na wazazi wao hospitalini, nimeimba kwenye misiba yao, na bado neno moja la upole kama lile linaweza kunirudisha katika mwaka ule mmoja nilioishi nyumbani kwa Gordon. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, nasomea uandishi wa habari Minneapolis, na nilikuwa naamini kwamba jambo likishaonekana wazi mbele ya watu wazima wenye akili, basi litarekebishwa.

Nilifika kwao kwa tangazo lililobandikwa chuoni: chumba bure kwa mwanafunzi anayejua kupiga chapa haraka. Chumba kilikuwa besmenti, chini ya ardhi, kina dirisha moja dogo lililokuwa usawa wa nyasi, na majira ya baridi theluji ililiziba kabisa. Kulikuwa na kitanda, zulia la rangi ya tofali, na upande wa pili ofisi ya Gordon: kompyuta, kabati za chuma, na ukutani mti wa ukoo wake uliochorwa kwa wino mweusi, mpana kuliko kitanda changu. Juu ya kitanda, kwenye dari, palikuwa na tundu la kupitishia hewa ya moto. Tundu lile lilitokea jikoni. Walipowasha tanuri nilipata joto, na walipozungumza nilisikia kila kitu, mpaka kijiko kikigonga kikombe. Sikujificha kusikiliza. Nilikuwa nimelala kitandani kwangu, na nyumba ile ilikuwa inaniletea maneno yake.

Nyumba ilikuwa ya watu watatu. Gordon, mjane wa makamo, mhandisi katika ofisi moja kubwa hapo Eden Prairie, mrefu, mpole, mwenye kalamu nyekundu mfukoni mwa shati hata siku za Jumapili. Mama yake, Elsbeth, ambaye kila mtu alimwita Bibi, nami nikamwita hivyo hivyo. Na mjukuu wa Bibi, naye Elsbeth, wao wakimwita Elsie, binti wa Paul, mdogo wake Gordon. Paul na mkewe walimchukua Elsie kutoka Korea akiwa bado hajaanza kutambaa, wakamfanya mtoto wao kisheria. Mkewe alikufa mapema, Paul naye akafa kwa moyo Elsie akiwa shule ya msingi, na Bibi akamlea pale pale. Nilipofika alikuwa mwaka wa kwanza chuoni kama wenzake wote, ana nywele amezikata mwenyewe vibaya, ana gari la baba yake lililoliwa na kutu milangoni. Huko Eden Prairie bila gari huendi popote. Elsie ndiye aliyenipeleka chuoni na kunirudisha, na ndiye mtu pekee katika nyumba ile aliyejifunza kutamka jina langu. Alilirudia garini njia nzima siku ya kwanza, akipiga usukani kila alipokosea.

Kazi ya Gordon, aliyoifanya kwa miaka na kutaka kuimaliza kabla ya mkutano wa ukoo wa kiangazi kile, ilikuwa kuwafuata Wabrennwalder wote mpaka kwa Hans Jakob, Mswisi wa milima ya Bern aliyeshuka kwa Wajerumani wa mto Rhine, akaoa huko, akavuka bahari mpaka Pennsylvania wakati Marekani haijawa nchi bali bado koloni la Waingereza. Kutoka hapo watoto wakasogea magharibi, Ohio, Iowa, mpaka huku kwenye baridi. Gordon alikuwa na utaratibu wake, nami nauheshimu mpaka leo, kwa sababu napenda mtu mwenye utaratibu. Hans Jakob alikuwa namba 1. Watoto wake 11, 12, 13. Wajukuu wakaongezewa tarakimu nyingine, na kuendelea, hata namba ya mtu yeyote ikakueleza alikuwa mtoto wa ngapi wa nani, kizazi baada ya kizazi. Hakuna mtu aliyepewa namba bila karatasi. Na kwa watu wa zamani wale, ambao serikali haikuandika kuzaliwa kwao, karatasi ilikuwa moja tu: kitabu cha ubatizo cha kanisa. “Kama mchungaji ameandika, yupo,” Gordon alipenda kusema. “Kama hakuandika, ni hadithi.”

Jumamosi tulikwenda wote watatu Saint Paul, kwenye chumba cha kusomea kumbukumbu za kale, chumba chenye taa hafifu na mashine za kukuzia filamu zilizopangwa kama cherehani. Gordon alikaa kona moja na orodha za abiria wa meli. Mimi na Elsie tulikaa kwenye filamu za vitabu vya makanisa, tukazungusha mkono wa mashine kurasa baada ya kurasa za mwandiko wa Kijerumani uliopinda kama ndoano. Hatukukijua Kijerumani, lakini Gordon alitufundisha maneno machache ya kutafuta, na ubatizo wote uliandikwa kwa mtindo mmoja: mtoto, baba, mama, kisha wasimamizi. Msimamizi ndiye aliyempa mtoto jina lake. Ndiyo maana kila kizazi kilikuwa na Elsbeth, na mtoto akifa, anayefuata akapewa jina lile lile, ili jina lisikatike. Elsie alipomwona Elsbeth wa kwanza kwenye kioo cha mashine alinishika mkono akaubana. “Ni mimi,” alinong'ona. “Nakijwa, tazama, ni mimi.” Nikamwambia kwetu Upare ukimpa mtoto jina la bibi yake, baba wa mtoto humwita mama, kwa utani na kwa heshima, na mtoto hukua anajua ana mahali. Akacheka mpaka mzee wa mashine ya jirani akageuka. Halafu akaacha kucheka. “Baba alikuwa ananiita hivyo,” alisema. “Alisema, ‘Mama mdogo, njoo ule.’”

Jioni tulikula pamoja, na chakula nakikumbuka vizuri kwa sababu kilikuwa na zamu zake: nyama ya kusaga iliyookwa na supu ya uyoga ya kopo na vipande vya viazi juu, kabichi chachu na soseji, Ijumaa samaki. Bibi alipika, Gordon aliomba sala, Elsie aliosha vyombo. Watu wale hawagombani. Kitu kisichowapendeza wanasema ni “tofauti.” Nilipika pilau siku moja, nikaweka na pilipili pembeni, Gordon akala kijiko kimoja, jasho likamtoka. “Hii ni tofauti,” alisema, na Bibi akamsogezea maziwa. Nilicheka wakati ule. Sikujua bado kwamba kwa neno hilo hilo wanaweza kumfukuza mtu mezani bila kumwambia ainuke.

Mwezi wa pili nikafika kizazi cha tisa. Faili la Paul lilikuwa jembamba: cheti cha ubatizo, cha ndoa, cha kifo, picha yake amebeba mtoto mwenye nywele nyeusi zilizosimama. Nikaandika kama nilivyowaandika wengine mamia: alizaliwa, alibatizwa, alimwoa fulani, mtoto wao Elsbeth, na Elsbeth nikampa namba inayofuata ya baba yake. Rasimu ikaenda kwa Gordon, ikarudi. Alikuwa amelikata jina la Elsie kwa kalamu nyekundu, mstari ulionyooka, umepigwa kwa rula. Pembeni aliandika: “Alifariki bila kuacha mtoto. Elsie, Kiambatisho C.”

Nikadhani amechanganya mafaili. Kweli nilidhani hivyo, nikapanda ngazi na karatasi mkononi kumsaidia. Alikuwa anarekebisha saa ya ukutani.

“Bwana Gordon, hapa kwa Paul kuna kosa.”

“Hapana, Nikki, ni sahihi. Ndivyo inavyoandikwa. Ni lugha ya kazi hii tu.”

“Lakini alikuwa na mtoto. Yupo chini, anakausha nguo.”

“Bila shaka. Na tunampenda sana.” Alishuka kwenye kiti, akafuta mikono. Hakukasirika. “Namba zinafuata damu. Sikuitunga kanuni hiyo mimi. Nikianza kuivunja kwa ajili ya mapenzi, kitabu kizima hakina maana. Ndiyo maana nikaweka Kiambatisho C, kila mtu apate nafasi.”

Nilikijua Kiambatisho C. Nilikuwa nimekipanga mwenyewe. Kilikuwa cha “wengine waliokaa na ukoo”: vibarua wa shamba la Ohio, mwalimu mpangaji, mvulana yatima mmoja aliyekufa kwa surua. Na ili nisiwaonee, nieleze na Kiambatisho A. Kiambatisho A kilikuwa orodha ya mali za Hans Jakob alipokufa, iliyonakiliwa neno kwa neno, pamoja na ng'ombe wake, kila mmoja kwa jina na rangi. Nilirudi chini nikakaa mbele ya kompyuta, nikaona kwamba katika kitabu cha baba zake Elsie angetanguliwa na ng'ombe.

Sikumwambia. Nilikuwa natafuta namna ya kumwambia, lakini nyumba ikaniwahi. Kesho yake mchana tulikuwa wote wawili besmenti, tunakunja shuka, Gordon na Bibi wakiwa jikoni, tanuri limewaka, na tundu likaanza kutuletea maneno.

“Itamuumiza, Gordon,” alisema Bibi.

“Hatajua mpaka kitoke, na kikitoka ataelewa. Ana akili.”

“Paul asingependa.”

“Paul hayupo, Mama. Na ukweli ndio huo. Mstari wake umekatika.”

Nilisubiri. Elsie alikuwa ameshika ncha mbili za shuka, mimi mbili, shuka limenyooka kati yetu. Nilisubiri Bibi aseme kitu, mama aliyempa mtoto huyu jina lake mwenyewe, aliyemfunga kamba za viatu. Kikasikika kijiko. “Wewe ndiye unayejua mambo ya kitabu,” alisema Bibi. “Kuna kahawa zaidi.”

Elsie alikunja upande wake wa shuka, akaja nilipo, akachukua na wangu, akamaliza kukunja. Kisha akaniomba nimwonyeshe karatasi. Akaisoma. Nilitegemea alie, kulia ningekuweza. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, “Namba sina haja nayo. Waiweke wanapotaka. Mimi nataka sentensi hii itoke. Wasimwandike baba yangu kama mtu aliyeishi peke yake. Alinibeba mgongoni maonyesho ya mifugo siku nzima. Alijifunza kusuka nywele. Hawawezi kuandika hakuacha mtoto.”

Jumapili ile nilikwenda kwa rafiki yangu Moraa, Mkenya wa Kisii aliyefanya kazi ya kuhudumia wazee na aliyeishi nyumba ya kupanga Brooklyn Center, karibu na kanisa letu. Nilimhadithia anakoroga ugali. Akaacha mwiko ndani ya sufuria.

“Ngoja. Ngoja kwanza, Mtanzania. Hawa watu wame-trace mpaka ng'ombe?”

“Kwa majina.”

“Ng'ombe amekufa miaka ya huko ana page yake. Alafu mtoto ako hapa kwa nyumba, ana-drive gari ya babake, ana-wash vyombo zao, ati hayuko?” Aliukamata mwiko tena, akaupiga ugali kama umemkosea. “Na wewe ndio una-type? Si uwaambie!”

“Nimewaambia.”

“Wewe uliwaambia na adabu. Nakujua. Uliwaambia ‘samahani Bwana.’”

Alikuwa amenijua.

Elsie aliamua kuzungumza mwenyewe, na alizungumza kwa utaratibu wa baba yake mkubwa. Alikwenda kanisani kwao akaomba nakala ya ukurasa wa kitabu cha ubatizo. Usiku wa samaki, Gordon alipomaliza sala, Elsie aliiweka nakala kando ya sahani yake.

“Baba mkubwa, yule Johannes wa mwanzo, namba 11. Ulijuaje ni mtoto wa Hans Jakob?”

“Ubatizo wake. Unakumbuka, tuliupata pamoja.”

“Damu yake ulipima?”

Gordon alitabasamu kidogo. “Elsie.”

“Uliipima? Kwa sababu ulituambia kama mchungaji ameandika, yupo. Mchungaji ameniandika. Soma. Mtoto, Elsbeth. Baba, Paul. Msimamizi, Elsbeth Brennwalder.” Akamgeukia Bibi. “Uliniinua wewe, Bibi. Ulisema jina langu kwa sauti mbele ya watu wote.”

Sote tukamtazama Bibi. Nimekaa mahakamani kama mwandishi, nimeona watu wakisubiri hukumu, na sijawahi kuona macho yakimsubiri mtu kama macho ya binti yule yalivyomsubiri bibi yake. Bibi alikuwa na bakuli mikononi. Akasema, “Nani anataka viazi zaidi?”

Gordon alichukua viazi. “Ni tofauti kidogo, mpenzi,” alisema, akairudisha nakala kando ya sahani ya Elsie kwa ncha ya kidole.

Nilishuka chini, nikapanda tena na ile rasimu, nikamwambia Gordon mbele ya samaki wake kwamba sitaandika sentensi ile. Sikusema samahani. Sauti yangu ilikuwa juu kuliko sauti yoyote iliyowahi kusikika katika jiko lile, na Bibi aliweka mkono sikioni kana kwamba chombo kimevunjika. Nilimwambia kwamba wamempa mtoto jina la ukoo, wakambatiza kwenye kanisa la ukoo, yeye mwenyewe akamkalisha kila Jumamosi kumtafutia mababu, na sasa anataka nimuue baba yake mara ya pili kwa vidole vyangu. Gordon alinisikiliza mpaka mwisho. “Hakuna ubaya, Nikki,” alisema. “Nitaiandika mwenyewe.” Na baada ya siku chache, kwa upole ule ule, akanijulisha kwamba chumba kitahitajika kwa ajili ya wageni wa mkutano. Aliniachia viatu vya theluji alivyoninunulia. Sikuvivaa tena, ingawa mwezi wa tatu ule barafu ilikuwa bado barabarani na Moraa aliniita mwehu.

Elsie ndiye aliyenihamisha, maboksi yangu yamejaa kiti cha nyuma. Nilitegemea na yeye atahama. Nilimwambia njoo, Moraa ana nafasi sebuleni. Akatikisa kichwa. “Nani ataosha vyombo?” alisema, na sikujua kama ni mzaha. Kiangazi akanipigia simu, akaniomba nije kwenye mkutano wa ukoo. Nikamuuliza kwa nini niende kutazama jambo lile. “Wewe si mwandishi wa habari?” alisema. “Nataka awepo mtu mmoja atakayekumbuka nilichofanya.”

Ulikuwa uwanja wa bustani kando ya ziwa, viti vya kukunja kwenye nyasi, meza ndefu zenye saladi za kila rangi, watoto wakikimbia na vibendera vya Uswisi. Vitabu vilikuwa vimepangwa kwenye meza, vipya, vinanuka gundi. Desturi ya mkutano ilikuwa kuitwa kwa namba. Gordon alisimama na kipaza sauti, akasoma tawi baada ya tawi, na kila aliyeitwa alisimama, akapigiwa makofi, akapigwa picha, akakaa. Akina mama waliwainua vichanga hewani namba zao ziliposomwa, na watu wakashangilia. Lilikuwa jambo zuri, na uzuri wake ndio uliozidi kunikasirisha. Akafika kwenye nyumba yake. Akasoma jina la mama yake, Bibi akapunga mkono akiwa amekaa. Akajisoma mwenyewe, na binti yake Linda. Kisha akasema, “Paul, mdogo wangu, marehemu. Hakuacha mtoto.”

Elsie akasimama.

Alikuwa amevaa gauni la manjano, na kiti chake kilikuwa safu ya mbele, karibu na Bibi. Gordon alimtazama. Akafunua ukurasa, akaita namba iliyofuata. Watu wa namba hiyo wakasimama, wakapigiwa makofi, wakakaa. Elsie hakukaa. Wakaitwa wengine, na wengine, tawi la Iowa lote, tawi la Ohio lote, wakasimama na kukaa kama mawimbi, na yeye amesimama pale pale, mikono chini, jua linampiga usoni. Watu walitazama sahani zao. Mwanamume mmoja alivua kofia kana kwamba atasema kitu, akaivaa tena. Nilikuwa nyuma, mgeni, na niliposimama nami watu walidhani naondoka, wakanipisha. Nilibaki nimesimama. Tulikuwa wawili katika uwanja uliojaa watu waliokaa. Bibi alikuwa na glasi ya maji ya limau mkononi, akaitazama glasi ile mpaka namba ya mwisho ilipoitwa. Ndipo akamshika mjukuu wake mkono.

“Umeungua na jua, mpenzi,” alisema. “Ungekaa kivulini.”

Nimesikia maneno makali mengi katika nchi hii, mengine nimetupiwa mimi barabarani kutoka kwenye madirisha ya magari. Hakuna lililobaki na makali kama hilo la Bibi. Elsie alimuuguza mwanamke yule mpaka mwisho wake. Akaendelea kwenda kwenye harusi zao na ubatizo wa watoto wao, akibeba bakuli la chakula cha kuoka. Mara nyingi nimemgombeza kwa hilo, na jibu lake ni moja. “Ni watu wangu, Nakijwa. Unataka niende kwa nani?” Basi nikabaki na hasira yake na yangu, nikazitunza zote mbili.

Nazo ndizo nilizokuwa nazo mezani siku ya mazishi ya Gordon, kidole changu kikiwa juu ya sentensi, wakati Linda alipokuja na kikombe cha kahawa. Naye sasa ana mvi. Alimwita Elsie asogee. “Tunatengeneza toleo jipya,” alisema. “Litakuwa kwenye mtandao, kila mtu aweze kuliona. Tumezungumza, sisi wa kizazi hiki, na tungependa uwemo, Elsie. Mambo ni tofauti sasa. Utume tu karatasi zako.”

“Karatasi mnazo,” alisema Elsie. “Nilimpa baba yako, kando ya sahani yake.”

Elsie aliweka sahani yake chini. Kando ya kitabu kulikuwa na daftari la kusaini waombolezaji, na kalamu yake nyeusi. Akaichukua kalamu. Akauliza ni ukurasa upi, nami nikatoa kidole changu. Akakata sentensi ile kwa mstari mmoja, bila rula, akaandika juu yake kwa herufi kubwa, akisoma kwa sauti alivyokuwa anaandika: “Aliacha mtoto mmoja. Elsbeth.”

Ukumbi mzima ulikuwa umemwona. Foleni ya mikate ilikuwa imesimama. Nilingoja mtu amzuie, na nilikuwa tayari, Mungu anisamehe, nilitamani mtu ajaribu. Lakini hawakuwa watu wa kugombana. Wakatazama sahani zao, vile vile kama walivyozitazama kando ya ziwa, na kimya kile kile kilichomwacha binti amesimama juani kikamwacha mwanamke huyu amalize mstari wake, aupulize wino ukauke.

“Hiki ni kimoja,” alisema. “Vingine viko wapi?”

“Kila nyumba ina chake,” alijibu Linda, taratibu. “Na kile cha Saint Paul, kwenye chumba cha kumbukumbu.”

Elsie akaifunika kalamu ya msiba kwa kifuniko chake, akaitia mkobani. Lile gari la baba yake lilikwisha zamani. Siku ile alikuwa amekuja kwa lifti ya jirani.

“Nakijwa,” alisema, “una gari?”

Nilikuwa nalo. Nilikuwa nimeshatoa funguo.